Rangi Huchaguliwa Uani

Kwanza zimeni hiyo taa. Hiyo ya duara mnayoisimamisha mbele ya uso wa mteja, inayomfanya kila mtu aonekane ametoka kuoga sasa hivi. Nimeiona kwa binti yangu, na nimeiona katika saloni za Buyenzi na Bwiza nilizoingia nikijifanya nimekuja kuuliza bei ya kusuka. Mnachagua rangi ya nyusi chini ya taa hiyo, mnapiga picha chini ya taa hiyo, mteja anajipenda chini ya taa hiyo. Halafu anatoka barabarani, jua linamwangukia usoni, na nyinyi mnabaki kushangaa kwa nini harudi. Mimi nimestaafu. Mgongo umenikatalia, macho yanataka miwani juu ya miwani, sigombei mteja na mtu. Kwa hiyo nisikilizeni bila kununa.

Kazi ya kuchora nyusi kwa sindano niliianza hapa Bujumbura miaka ya vita. Najua swali lenu: nani alikuwa anatafuta nyusi wakati risasi zinalia milimani? Wanangu, watu waliolewa. Watu walizaa, walifunga saumu, waligombana na mawifi. Kilichobadilika ni saa. Kwa sababu ya amri ya kutotoka nje usiku, harusi zilihamia asubuhi, bibi harusi akapakwa hina mchana kweupe, na wageni wakala pilau harakaharaka huku wakitupia macho mlango. Lakini walikula, na nyusi zilitakiwa ziwe mahali pake.

Aliyenifundisha ni Bi Salma. Babu zake walitoka Omani, yeye alizaliwa Buyenzi, na akikasirika alikutukana kwa Kirundi kwa sababu, alisema, Kirundi kina matusi yenye adabu. Alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa, na mkono wake wa hina ulijulikana mji mzima. Kaka yake mfanyabiashara ndiye aliyemletea kutoka Dubai mashine ndogo ya kuchora nyusi, pamoja na sanduku la vichupa vya rangi: nyeusi, kahawia za aina mbalimbali, na kimoja cha rangi ya machungwa. Hicho cha machungwa tulikicheka sana. Kila tulipofungua sanduku mimi nilikitoa na kuuliza, "Na huyu mgeni tumpeleke wapi?" Bi Salma alikirudisha mahali pake na kusema kilichokuja na sanduku kitakaa na sanduku.

Bi Salma alikuwa na sharti lake. Urembo ni hina na wanja, vitu vinavyoondoka kwa maji na sabuni. Sindano ni ya mtu aliyepungukiwa: aliyeungua, aliyenyonyoka nyusi kwa ugonjwa, aliyeumia. Alikuwa amemuuliza mwalimu wa madrasa jambo hili. Mzee yule alikuna ndevu zake kwa muda mrefu, akasema kwa urembo hapana, na kwa kovu yeye hataki kuingia kati ya Bi Salma na Mola wake. Bi Salma akalichukua hilo kuwa ni ruhusa. Aliwapokea pia wale waliong'oa nyusi zao kwa uzi mpaka zikagoma kuota, ila hao aliwachora akiwagombeza mwanzo hadi mwisho. Mimi baadaye, nilipobaki peke yangu, nililegea nikachora hata wazima. Sikuwa na moyo wake mgumu, na pia napenda mwanamke akijitazama kwenye kioo na kucheka.

Nasikia mafundi wa nchi nyingine hujifunzia ngozi ya nguruwe. Katika nyumba ya Bi Salma, hebu jaribuni kufikiria! Sisi tulijifunzia ganda la ndizi. Na nawaambieni mpaka leo hakuna mwalimu kama ganda la ndizi. Chora unyusi juu ya ndizi mbivu, kisha imenye na ugeuze ganda utazame upande wa ndani. Ukiona rangi imetokea huko, umezama mno. Mtu huyo ungemtoa damu, damu ingeisukuma rangi nje, na kilichobaki kingetawanyika chini ya ngozi kuwa ukungu. Rangi ikifutika kwa kidole, hukuingia kabisa. Katikati ya hayo mawili ndipo kazi ilipo, na ni pembamba sana. Miezi yote ile ya kujifunza tulikula ndizi mpaka nikawa siwezi kuzitazama. Wageni waliokuja dukani walipewa ndizi zilizomenywa tayari, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mashine ile ya Dubai ilitufia siku moja umeme ulipokatika na kurudi kwa hasira. Tulimpelekea Fundi Saidi, aliyetengeneza redio jirani na duka. Saidi alikuwa hodari lakini hakupenda kitu cha polepole. Alitoa mota iliyoungua, akaweka nyingine aliyoitoa kwenye redio ya kaseti, akanikabidhi kifua kimejaa fahari. Nilipoiwasha iliruka mkononi na kutoboa kitambaa cha meza.

"Saidi," Bi Salma akamwambia, "mi nilisema mashine ya nyusi. We umenitengenezea ya viatu."

"Bi Salma, hiyo iko na nguvu! Unamaliza watu kumi kwa siku!"

"Mi sitaki kuwamaliza watu, Saidi. Punguza."

Akapunguza, na ikafanya kazi miaka. Umeme ulipokosekana tulitumia mkono: sindano kadhaa nyembamba zimefungwa kwa uzi kwenye kijiti, unagusa, unainua, unagusa, unainua. Siku hizi mnaiita kwa jina la kigeni, mnailipia mafunzo. Sisi tuliiita kukosa umeme.

Sasa usafi, na hapa sitanii. Ule ndio wakati ambapo ukimwi ulikuwa unazika vijana kila wiki, na hakuna aliyekuwa na dawa. Bi Salma alinunua sufuria ya presha, akaipaka msalaba wa rangi nyekundu, ikawa ya vyuma vyetu tu. Tulivifunga kwenye kitambaa safi, tukaiweka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na tangu inapoanza kupiga mluzi tuliiacha juu ya makaa mpaka Bi Salma amalize kusali na kunywa chai yake bila haraka. Kupitisha chuma kwenye moto wa kiberiti ni kujidanganya. Kufuta kwa pombe kali na kusema basi ni kujidanganya. Meza tulifuta kwa maji ya javeli, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe. Na sindano yenyewe ilifunguliwa mbele ya macho ya mteja, ikatumika kwake peke yake, ikaingia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, kisha motoni. Wifi yake Bi Salma aliwahi kupika maharagwe ndani ya sufuria ile, akidhani msalaba mwekundu ni pambo. Maharagwe yaliiva vizuri sana. Bi Salma alimpa wifi sufuria na maharagwe yake, akaenda kununua nyingine.

Nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, sindano zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuadimika. Wateja walituambia tuchemshe tu zile za zamani. Bi Salma alifungia mashine kabatini na kurudi kwenye hina. "Sindano hakuna, kazi hakuna," ndivyo alivyowajibu. Wengine hawakungoja. Mji ulijaa watu wanaochora kwa chochote kilichopatikana: masizi, wino wa kalamu, hata rangi ya viatu. Ndipo tulipoanza kupokea watu wengi wa kufuta kuliko wa kuchora.

Kufuta. Nyinyi mna mashine za mwanga hospitalini, mshukuruni Mungu, ila mwelezeni daktari ni rangi gani iliyotumika. Aliyefunikwa kwa rangi ya ngozi au nyeupe asikimbilie mwanga huo, maana rangi hizo huweza kugeuka nyeusi papo hapo. Sisi tulikuwa na chumvi. Chumvi ya Uvinza ya mawe, inasagwa, inasuguliwa juu ya ngozi. Bi Salma aliijua njia hiyo na aliichukia, na sababu yake alikuwa kuli mmoja wa bandarini. Kijana huyo alikuwa amechorwa mkononi jina la mchumba wake, Konsolata. Akaoa mwingine. Akajisugua chumvi nyumbani kwa nguvu zote alizobebea magunia. Wino ulitoka wote, lakini kidonda kilipopona kovu lilivimba, likafuata herufi zilezile, na Konsolata akawa anasomeka hata gizani kwa kidole. Alikuja kwetu akamwonyesha Bi Salma.

"Mama, unaweza kuongeza chumvi?"

"Naweza kuongeza," akamjibu. "Na jina litaongezeka pia. Vaa mikono mirefu, mutoto wangu."

Kwa hiyo kabla ya sindano, kabla ya chumvi, tazameni masikio ya mteja. Palipotobolewa hereni pakiwa pamevimba, ngozi hiyo haisamehe. Mwacheni aende zake. Maji ya betri, utomvu wa korosho, krimu za kuchubua, hivyo sivitaji tena baada ya leo. Nimeona vilichofanya.

Haya. Sasa niwape kisa cha Zuhura, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kuhusu taa.

Zuhura alikuwa mshonaji. Yeye na mama yake walikuwa wakiishi Carama, kaskazini mwa mji, bomu likaanguka karibu na nyumba, na kipande cha bati kikamkata juu ya jicho la kushoto. Walikimbilia Buyenzi kwa mjomba wake. Jicho lilipona, lakini unyusi haukuota tena; pale palibaki kovu jembamba linalong'aa. Tangu hapo alijifunga mtandio mpaka kwenye kope, na cherehani yake aliigeuza ukutani. Wateja walimpa kitambaa kwa nyuma, wakachukua nguo kwa nyuma. Ukimsalimia alijibu ukuta.

Hata hivyo palitokea kijana, Ramadhani, fundi injini kwenye mashua za mizigo zinazokwenda Kigoma. Alikuwa amemshonesha ovaroli, akaishonesha tena ilipokuwa bado nzima, mpaka mjomba akaelewa. Posa ikapelekwa. Lililobaki ni shangazi yake Ramadhani, aliyemlea, kuvuka kutoka Kigoma kuja kumwona binti. Mama Zuhura akaingiwa na hofu. Alikuwa na hakika kwamba mwanamke yule akiona kovu atageuza mashua. Hapo ndipo alipompeleka Zuhura kwenye kisaloni kimoja karibu na soko, akachorwe unyusi upesi.

Mwezi mmoja na zaidi baadaye wakaja kwetu. Vikwazo vilikuwa vimelegea, sindano zimeanza kupatikana, na mashine imetoka kabatini. Chumba chetu cha kazi kilikuwa nyuma ya duka. Bati lake lilikuwa limetobolewa, na sehemu kubwa ya paa ilikuwa shitingi, lile turubai la buluu la wakimbizi ambalo nusu ya mji ililala chini yake. Mama Zuhura akamvua binti mtandio.

"Dada Salma, uangalie vile wamemufanya mutoto wangu."

Bi Salma akainama, akatazama. Mimi nikatazama pia. Uchoraji haukuwa mbaya, mkono wa mchoraji ulikuwa mwepesi.

"Mi naona iko muzuri," Bi Salma akasema. "Nyeusi kidogo tu."

"Muzuri? Njo hapa ku mulango."

Akamvuta binti hadi mlangoni, jua likampata. Unyusi ulikuwa wa buluu. Buluu kabisa, kama sare ya shule. Zuhura alifumba macho na kukaa hivyo, amesimama na amefumba.

Bi Salma akainua macho, akalitazama paa letu. Kisha akauliza swali ambalo mama yule alidhani ni la kichaa.

"Ile saloni, juu kuna bati gani?"

"Bati gani? Mabati waliiba yote. Kuna shitingi."

Tukaelewa. Chini ya shitingi kila kitu kilikuwa cha buluu: kanzu nyeupe, chumvi, meno ya mtu akicheka. Yule msichana wa saloni alikosa rangi, akachukua wino wa kalamu ambao kwenye chupa unaonekana mweusi, na chumbani mwake, kama chumbani mwetu, haukuwa na namna ya kujulikana. Hakuwa mwongo. Alichora asichokiona, na sisi mafundi wazoefu, kwa macho yetu wenyewe, tulikuwa tumeusifu.

"Utaitoa kwa chumvi?" mama akauliza.

Bi Salma akayatazama masikio ya Zuhura, yalikuwa mazuri. Akapitisha kidole juu ya kovu. "Apana. Hapa ngozi imekuwa karatasi. Nikisugua, nitapasua."

"Basi uweke nyeusi juu."

"Nyeusi juu ya buluu inakuwa buluu ya zamani."

Mama Zuhura akaanza kulia. Zuhura hakulia. Alijifunga mtandio wake vizuri, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tuende. Nitamuambia Ramadhani aache."

Nawaambieni kweli, niliumia. Alikuwa rika langu. Na pale nilipokuwa nimesimama nimeshika kikapu cha hina, nikakumbuka Idi za utotoni. Vidole vyetu wakati wa shule vilikuwa na madoa ya wino siku zote. Siku ya mkesha tulipakwa hina juu ya madoa hayohayo, na asubuhi yake penye wino hapakuwa na buluu wala machungwa. Palikuwa kahawia.

"Bi Salma," nikasema, "yule mugeni wa machungwa."

Alinitazama, akatazama sanduku. Tukakitoa kile kichupa, tukamrudisha Zuhura mlangoni. Bi Salma akachovya kijiti na kupaka tone moja juu ya ngozi, bila sindano, kwa kuonja tu. Kwanza liliwaka kama ganda la chungwa. Akalisambaza mpaka likawa utando. Ile buluu chini yake ikanywea, na mahali pale pakawa na rangi ya nywele za mtu.

"Ya Rabbi," akasema Bi Salma, na akanipiga begani kwa nguvu.

Mpango ukawa huu. Tone moja lichomwe nyuma ya sikio, tungoje siku kadhaa tuone kama ngozi inakubali. Kisha machungwa yaingizwe kwa sindano. Gamba likauke, lianguke lenyewe, bila kubanduliwa. Ngozi ikitulia, kahawia juu yake, nywele moja moja. Shangazi alikuwa anatarajiwa baada ya hayo yote. Lakini Bi Salma aliongeza jambo moja: kazi ingefanyika uani, kwenye jua.

"Apana," Zuhura akasema. "Kule inje apana."

Ua ule ulikuwa wa familia kadhaa. Kila asubuhi kulikuwa na wanawake wakichambua ndagala, dagaa wa ziwani, wakifua, wakigombana juu ya kamba ya kuanikia.

"Mi siwezi kuchora rangi sioni," Bi Salma akamwambia, kwa upole ambao mimi sikuwahi kupewa. "We umeshaona iko namna gani."

Zuhura akajifunga mtandio, akaondoka. Nilidhani tumempoteza, na siku ile nilikuwa na hasira na kila mtu, hata na shitingi. Lakini tone la majaribio alikuwa amelikubali, na siku iliyopangwa alikuja. Alipita dukani, akapita chumbani, akatoka uani, akachukua kiti na kukiweka kikitazama ukuta.

"Geuka," Bi Salma akasema. "Unajifanyia kivuli."

Akageuka robo.

"Tena."

Akageuka nusu. Mpaka jua lilipompata sawasawa alikuwa anawatazama wanawake wote wa ua, na mtandio uko kwenye kamba. Wakamtazama. Mmoja wao, mikono imejaa magamba ya samaki, akauliza, "Si ni we unashona kule kwa mujomba wako? Binti yangu anataka sketi ya shule." Zuhura akasema alete kitambaa. Kisha wakarudi kwenye ndagala zao.

Nikamgandamizia barafu ya wauza samaki iliyofungwa kwenye plastiki, kwa sababu dawa ya ganzi hatukuwa nayo. Bi Salma akachora polepole, maana ngozi ya kovu hupokea rangi shingo upande. Ukiibembeleza inapokea, ukiilazimisha inatema. Alipomaliza, unyusi wa kulia wa Zuhura ulikuwa mweusi mzuri wa Mungu, na wa kushoto ulikuwa machungwa yanayowaka. Ndivyo inavyokuwa siku ya kwanza, rangi mbichi hupiga kelele. Bi Salma akatoa amri yake ya kawaida: hakuna kitu kugusa hapo mpaka pakauke. Kidole apana, maji apana, kitambaa apana.

"Hodi wenyewe!"

Mlangoni mwa ua alisimama mwanamke mnene wa makamo, kanga mpya, mkoba mkononi. Nyuma yake alikuwa Mama Zuhura, akitupungia mikono yote miwili kama mtu anayefukuza nyuki. Mashua ilikuwa imepata mzigo mapema, imeondoka Kigoma mapema. Shangazi hakutaka kungojea nyumbani wakati barabara bado iko shwari. Alipoambiwa binti yuko kwa Bi Salma, alisema basi tumfuate.

"Karibu," Bi Salma akasema, sindano ingali mkononi.

"Nimekaribia. Bi harusi wetu ndiye yupi?"

Wanawake wa ndagala wakageuka wote. Mimi nikaruka, nikanyakua mtandio kwenye kamba nimtupie Zuhura usoni. Akanishika mkono.

"Apana, Mwamini. Mumesema kitambaa isiguse."

Sijui mpaka leo kama ulikuwa ushujaa au utii. Nilibaki nimeshika mtandio. Zuhura akaelekeza uso wake kwa mgeni, kwenye jua lote lile.

"Shikamoo shangazi. Ni mi. Sitasimama, rangi haijakauka."

Shangazi akaitikia marahaba. Akasogea, akamzunguka, akainama.

"Mbona ya machungwa, mwanangu?"

"Hii ni ya kufunika buluu. Ile buluu ilikuwa ya kufunika kovu. Kovu ni ya bomu."

"Ramadhani anajua?"

"Kovu anajua. Buluu sikumuonyesha."

Mama Zuhura alikuwa amejiegemeza mlangoni, ameziba mdomo kwa kanga. Shangazi akajishusha juu ya mkeka wetu, polepole, magoti yakilia. Akashika pembe ya kanga yake, akailowesha kwa mate, na kuanza kujisugua shavu. Poda ikatoka. Chini yake palikuwa na kidoti, mahali ambapo wanawake huweka kidoti cha urembo, ila hiki kilikuwa cha kijanikijani.

"Nilichomwa sindano na dada zangu, kwa masizi ya taa, nilipokuwa mwari," akasema. "Marehemu mume wangu aliingia kaburini hajui kama ninacho. Miaka yote hiyo naamka kabla yake kupaka poda! Kinatoka hiki?"

Bi Salma akamshika kidevu, akamgeuza kwenye jua, akatazama kwa makini.

"Kinatoka. Na mahali pake panabaki shimo."

"La, basi kiacheni. Nimechoka tu na poda."

Aliyeanza kucheka ni Zuhura. Bi Salma akamkaripia asicheke kwa nguvu, paji la uso likikunjamana rangi itakaa vibaya, na hilo likamfanya acheke zaidi. Shangazi akacheka, Mama Zuhura akacheka huku analia, wanawake wa ndagala wakacheka bila kujua yote. Shangazi alikula ugali na ndagala palepale uani. Poda hakuirudisha.

Gamba lilipoanguka tuliweka kahawia. Bi Salma alichora nywele za mwanzo, kisha akanipa kijiti mimi nimalize, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliponiachia uso wa mtu. Harusi ilikuwa ya asubuhi, kama zote. Zuhura aliingia mtandio uko mabegani.

Bi Salma ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Kile kiti alichokitoa Zuhura hakikurudi tena chumbani. Hata tulipopata bati jipya, rangi tulichagua uani. Nami nimefanya hivyo mpaka siku niliyoacha kazi. Mvua ikinyesha, mteja alikunywa chai na kungoja. Nyinyi mtafanya mnavyotaka, lakini kabla hamjachomeka sindano mtoeni nje dakika chache, mumwone anavyoonekana na watu atakaoishi nao.

Rangi hufifia, hilo mnalijua. Mwambieni mteja tangu mwanzo kwamba baada ya miaka atahitaji kurudi kuongezewa. Zuhura nilimwambia. Cherehani yake siku hizi iko barazani, inatazama barabara, na anagombana na wapita njia wanaomkanyagia vitambaa. Kila tulipokutana alisema, "Mwamini, nitakuja." Hakuja hata mara moja, na mimi nilikuwa nikimlaumu kidogo, kazi yangu ya kwanza inaachwa ife vile.

Juzi nilipita kwake kuchukua gauni. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, uso ameuinua kwenye jua. Upande wa kushoto palikuwa kovu tupu, rangi yetu yote imekwisha.

"Zuhura," nikamwambia, "unyusi wako umefutika kabisa."

"Kweli?" akasema, akainua mkono, akagusa ule wa kulia, ule mzima.